Nanga ya Mvuvi wa Tyubu: Jua Kuitia, Jua na Kuiacha

Sisi watu wa pwani tukisikia nanga, fikra hukimbilia majahazi na mashua. Lakini wapo pia wanaovua kwa mshipi wakiwa wamekaa juu ya tyubu ya gurudumu la lori, miguu majini. Chombo hicho hakina gubeti wala tezi, na upepo mdogo tu hukichukua. Ndiyo maana mwenye nacho hutaka nanga. Leo nataka kueleza namna ya kuichagua na kuitumia, kwa sababu mimi nusura nanga inizamishe.

Nilikuwa nimemtembelea shemeji yangu Kosele, kaunti ya Homa Bay. Kosele yenyewe haiko ufuoni. Iko kwenye barabara ya Oyugis kwenda Kendu Bay. Basi tukateremka hadi Kendu Bay kuvua ngege. Mimi, mtoto wa bahari, sikutaka kufundishwa. Nikafunga jiwe kwa kamba, fundo kavu, ubavuni mwa tyubu.

Asubuhi ilikuwa shwari. Baada ya adhuhuri upepo ukageuka, ukavuma kutoka ziwani na kuleta zulia zima la gugu maji. Gugu likaniegemea, kamba ikakaza kama uzi wa gambusi, na upande uliofungwa ukaanza kuzama. Fundo halikufunguka.

"Shemeji, kata kamba!" alipiga kelele kutoka kwenye mtumbwi wake.

Sina kisu! Akaja akaikata yeye. Tyubu ikasukumwa polepole mpaka ufuoni, salama salimini. Upepo ule ule niliouogopa ndio ulionirudisha nchi kavu. Kilichotaka kuniua ni kamba nisiyoweza kuiacha.

Tuanze na kuchagua. Swali la kwanza si uzito, ni chini kuna nini. Penye tope, kama sehemu nyingi za Ghuba ya Winam, mfuko wa wavu wenye mawe ya kilo 2 hivi hutosha, maana huzama kidogo topeni na kushika. Penye mchanga, nanga ndogo yenye mabapa ya kuchimba hushika zaidi ya jiwe zito. Penye miamba, watu hutumia nanga ya makucha manne ya kukunja. Hiyo iwekwe ndani ya mfuko mgumu ukiwa safarini, kwani ucha mmoja ukigusa mpira umekwisha. Penye matumbawe usitie kabisa, tafuta kipande cha mchanga. Tumbawe hukua polepole mno, na nanga hulivunja mara moja.

Pili, kamba. Nanga hushika ikivutwa kwa ulalo. Ikivutwa wima hung'oka. Kwa hivyo kina kikiwa mita 3, toa kamba mita 9 siku ya shwari, na mita 15 upepo ukianza. Ukihitaji zaidi ya hapo, rudi nyumbani. Huku kwetu hesabu na maji kujaa: wakati wa bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa Mombasa huweza kupita mita 3. Kamba uliyoipima maji yakiwa yamekupwa haitakufaa yakijaa.

Tatu, kufunga. Pitisha kamba kwenye pete iliyo nyuma yako, ili mgongo ndio upokee mawimbi, kisha ilete ubavuni unapofikia kwa mkono. Hapo funga fundo la kufyatuka, lile linalofunguka kwa mvuto mmoja. Mwisho wa kamba funga boya. Hali ikichafuka, vuta fundo na uondoke. Boya litakuonyesha nanga yako ukirudi kesho. Kisu kikae kifuani pamoja na jaketi la kujiokoa, kisiwe ndani ya mkoba.

Nanga hushushwa taratibu, hairushwi. Ikishafika chini, tazama vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, mfano mti na paa la nyumba nyuma yake. Vikianza kuachana, ujue nanga inaburura.

Na kuna mahali ambapo nanga haifai hata kidogo. Usitie kwenye njia ya boti, wala mlangoni mwa hori penye mkondo mkali, kwani maji yatakipindua chombo kilichofungwa. Ziwani, penye viboko hata usiingie.

Wazee walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Tyubu ndiyo dau la mnyonge hasa, haiwezi kushindana na upepo. Kabla hujaingia majini, kaa nchi kavu, fumba macho, na ujaribu kufyatua fundo lako kwa mkono mmoja. Likikataa, lifunge upya.