Adapta ya Picha: Mkalimani baina ya Kipakatalishi na Projekta

Mwanafunzi wa uzamili anapokwenda kutetea pendekezo lake la utafiti mbele ya jopo, aghalabu hubeba kipakatalishi chenye matundu mawili au matatu membamba ubavuni. Ukumbini naye huweza kukuta projekta iliyoangikwa darini miaka mingi iliyopita, na waya mnene wa VGA wenye pini 15 na skrubu mbili ukining’inia ukutani. Viwili hivi havichomekani. Ndipo adapta inapotafutwa kwa pupa. Na kwa kuwa muuzaji huuliza umbo la tundu tu, mnunuzi huweza kuondoka na kifaa kinachoingia barabara pande zote mbili lakini kisichotoa picha hata chembe. Fedha zimekwenda, na jopo linasubiri.

Chanzo cha mkasa huu ni dhana kwamba kazi ya adapta ni kubadilisha umbo la plagi, basi. Mfano wa taaluma ya lugha utafaa hapa. Utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati za Kiarabu ukinakiliwa kwa hati za Kirumi, lugha haibadiliki. Kilichobadilika ni maandishi. Utenzi uo huo ukitafsiriwa kwa Kiingereza, hiyo ni kazi nyingine kabisa, na humhitaji mtu anayezifahamu lugha zote mbili. Vivyo hivyo, kuna kifaa kinachohamisha hati na kuna kinachotafsiri. Sokoni vyote viwili huitwa adapta, nako ni kuwapunja wanunuzi. Ingalikuwa heri kile kinachotafsiri kikaitwa kigeuzi, na hivyo ndivyo kitakavyoitwa hapa.

Lugha zenyewe si nyingi. VGA iliasisiwa na kampuni ya IBM mwaka 1987. Husafirisha picha kwa mawimbi ya analojia, yaani nguvu ya umeme hupanda na kushuka kulingana na mwangaza wa rangi tatu: nyekundu, kijani na samawati. DVI ya kidijitali (1999), HDMI (2002) na DisplayPort (2006) hutuma tarakimu. DVI na HDMI ni ndugu wa damu, kwani hupanga tarakimu za picha kwa namna moja. Baina yao adapta sahili isiyotafsiri lolote yatosha, ingawa sauti huenda isipite. DisplayPort ina sarufi yake. Hata hivyo, matundu mengi ya DisplayPort katika vipakatalishi huwa na lugha mbili: yakitambua kuwa adapta ya HDMI imechomekwa, kipakatalishi chenyewe huanza kusema HDMI. Kinyume chake hakiwezekani. Tundu la HDMI halijifunzi DisplayPort, na mwenye kiwambo cha DisplayPort pekee hana budi kununua kigeuzi.

Kutoka HDMI hadi VGA pia ni lazima kigeuzi, kwa kuwa tarakimu zinageuzwa mawimbi. Ndani yake mna kijisehemu cha kielektroniki kinachohitaji umeme ili kifanye kazi. Tundu la HDMI hudhaminiwa kutoa volti 5 na miliampia 55 tu, kiasi ambacho huenda kisitoshe. Ndiyo maana vigeuzi vingine huwa na waya wa ziada wa kuchomeka kwenye USB, navyo ni vya kutegemewa zaidi. Isitoshe, mkalimani huyu hutafsiri upande mmoja. Kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda VGA hakiwezi kurudi kinyumenyume, hata kama umbo la plagi linaruhusu. Aidha VGA haibebi sauti, kwa hiyo anayekusudia kuwasikilizisha wanajopo rekodi za wasailiwa wake atafute kigeuzi chenye tundu la spika.

Mwezi Desemba 2010, Intel, AMD na baadhi ya watengenezaji wa tarakilishi walitangaza kuwa wangeiacha VGA ifikapo 2015. Projekta za kumbi hazifi kwa matangazo.

Fumbo kubwa zaidi ni USB-C, tundu dogo la umbo la yai lililozuka mwaka 2014. Umbo ni moja, uwezo ni mbalimbali. Baadhi hupitisha umeme na data tu. Mengine hupitisha picha pia, kwa lugha ya DisplayPort. Alama ya herufi D na P, au ya radi inayoashiria Thunderbolt, ni dalili njema, ila si kila mtengenezaji huichora. Mwongozo wa kipakatalishi husika ndio hakimu. Pale ambapo picha haipiti, kigeuzi cha USB-C hadi HDMI, hata kikiwa ghali namna gani, hakitafaa kitu. Hapo husalia adapta za DisplayLink, ambazo huitumia tarakilishi yenyewe kuifinyanga picha iwe data ya kawaida. Programu yake sharti isakinishwe kwanza. Kwa slaidi na matini zinafaa. Kwa filamu huweza kukwamakwama.

Anayetaka viwambo viwili atofautishe kurudufu na kupanua. Kigawanyi cha HDMI hutoa picha ile ile kwenye viwambo vyote, hakipanui uwanja wa kazi. Vipakatalishi vya Apple vyenye chipu ya M1 ya mwaka 2020 hukubali kiwambo kimoja tu cha nje, isipokuwa kwa njia ya DisplayLink. Kwa kiwambo cha pikseli 3840 kwa 2160, kigeuzi cha HDMI 1.4 (2009) huonyesha picha 30 kwa sekunde, na kielekezi huonekana kikijikokota, HDMI 2.0 (2013) hufikisha 60.

Kwa mwanafunzi aliyetajwa awali, jambo la kwanza ni kwenda ukumbini siku moja kabla ya kununua chochote na kulisoma tundu la projekta. Baada ya kuunganisha, kwenye Windows abonyeze kitufe cha Windows pamoja na P, achague kurudufu au kupanua. Mara nyingine kigeuzi ni kizima, ila kipakatalishi hakijaamriwa kutoa picha nje.