Baa za Mpakani na Ugonjwa wa Hewani

Je, msomaji, kufunga baa huzuia ugonjwa, au huwahamisha walevi tu? Swali hili liliulizwa sana Busia na Malaba baada ya Machi 2020, serikali ilipoamuru baa zifungwe kwa sababu ya korona.

Jibu la kitabibu limo hewani. Mtu anayezungumza hutoa vitone vidogo mno vya mate, na anayepaza sauti kushinda muziki hutoa vingi zaidi. Madirisha yakifungwa, vitone hivyo huelea muda mrefu. Mjini Guangzhou, Uchina, Januari 2020, watu 10 wa familia 3 waliambukizwa baada ya kula kwenye meza zilizokaribiana mkahawani. Mashine ya kupoza hewa ilikuwa ikizungusha hewa ile ile kati yao.

Basi amri ilikuwa na msingi. Lakini mpaka una mambo yake. Kenya ilifungua baa mwishoni mwa Septemba 2020, Uganda ikazifungua Januari 2022. Kati ya Busia hizi mbili kuna njia za panya, na mwenye kiu anazijua. Naye dereva wa trela aliyekwama siku kadhaa kwenye foleni ya Malaba lazima ale mahali. Ukimfungia mkahawa wenye veranda, naye akaenda kunywa chang'aa nyumbani kwa mtu, mlango ukiwa umekomewa kwa kuogopa polisi, umemtoa penye hewa ukamtia pasipo na hewa.

Juni 2021, kirusi cha Delta kilipoenea magharibi mwa nchi, Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizowekewa kafyu ya saa moja jioni. Kafyu hupunguza saa za kunywa, sikatai. Hata hivyo, wateja wakibanana tangu alasiri ili wawahi, sehemu ya faida hiyo hupotea.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, lakini kifua kikuu bado huenea kwa njia hiyo hiyo ya hewa. Ukienda baa, keti veranda. Wewe mwenye baa, toboa dirisha upande wa pili wa lile ulilo nalo, hewa iingie huku itokee kule. (Wengine husema dirisha huleta wezi. Tieni vyuma!)

Ukikohoa zaidi ya majuma mawili, ukatokwa jasho usiku na kukonda, nenda kituo cha afya cha serikali. Uchunguzi na dawa za kifua kikuu ni bure. Dereva wa safari ndefu ataje njia yake siku ya kwanza, kwani dawa kwa kawaida ni za miezi 6, na atapaswa kuzimeza kila siku hata akiwa Kampala.