Ndoa Ina Mashahidi, Viza Inataka Slipu

Jalada lilikuwa na picha kumi na mbili za harusi, na bibi harusi hakuwamo hata katika moja. Bwana harusi yumo: kanzu, joho, kilemba, kaketi msikitini mkono wake umo mkononi mwa walii, wazee wamemzunguka, sinia la halua pembeni. Kwa mtu wa Pwani hakuna la ajabu hapo. Nikaha hufungwa na wanaume, bibi harusi yuko nyumbani na somo wake, na picha zake zimo kwenye simu za wanawake wasiotaka zisambae. Lakini afisa wa viza aliyeko Uingereza, ambaye huenda hajawahi kuhudhuria nikaha maishani mwake, anapekua picha moja baada ya nyingine akimtafuta mke anayeombewa viza. Nilipomwuliza mteja wangu bibi harusi yuko wapi, alicheka: "Kaka, si yuko ndani!"

Tukaandika barua ya ukurasa mmoja kueleza nikaha inavyofungwa, tukaambatisha picha mbili zilizopigwa jioni ile, bwana alipoingizwa ndani kumpa mkono mkewe. Ndizo zilizokuwa na maana. Zile kumi na mbili zilikuwa za shangwe tu.

Kazi yangu ni kuandaa majalada ya namna hii. Wateja wengi ni Waswahili wanaoishi Uingereza, na wenzi wao wako Mombasa, Tanga, Unguja, Bujumbura. Karibu kila mmoja huja amejiandaa kuthibitisha kwamba wanapendana. Afisa hana mizani ya mapenzi. Anasoma karatasi, na ndoa zetu hazizai karatasi nyingi, zinazaa mashahidi. Mjomba aliyepokea mahari yupo, imamu yupo, mtaa mzima ulikula pilau. Hakuna hata mmoja kati yao atakayepigiwa simu.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mdhamini anayemwombea mume au mke anatakiwa kuwa na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Kuanzia Julai 2012 hadi siku hiyo kiwango kilikuwa 18,600. Desemba 2023 serikali ya wakati huo ilitangaza kukipandisha kwa hatua hadi 38,700. Serikali iliyoingia Julai 2024 ikasimamisha mpango huo na kuipa kamati ya ushauri wa uhamiaji kazi ya kuupitia upya. Ripoti ya kamati ilitoka Juni 2025.

Sasa chukua kalamu. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025, kwa mtu wa miaka 21 na zaidi, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kwa kima hicho, aliyefanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki zote 52, alipata takriban pauni 25,400. Ili afikishe 29,000 ilimbidi afanye karibu saa 46 kila wiki, bila kuugua. Watunza wazee, wasafisha ofisi, wapakiaji wa maghala: hao ndio wanaonipigia simu saa nne usiku wakitoka zamu.

Na kuna jambo linalowakera watu kuliko kiwango chenyewe. Kipato cha mwombaji aliye nje ya Uingereza hakihesabiwi. Nimekutana na mfamasia wa Dar es Salaam mwenye duka lake linalokwenda vizuri, mumewe mlinzi wa usiku London. Mwenye pesa katika nyumba ile ni mke, lakini sheria inautazama mkoba wa mume peke yake. Akiba ya mke benki ingeweza kusaidia, ila hesabu yake ni kali: pauni 16,000 za mwanzo hazihesabiwi, kisha kila pauni moja iliyopungua kwenye kipato huzibwa na pauni mbili na nusu za akiba, iliyotulia benki kwa miezi 6. Aliyepungukiwa na 3,600 anahitaji akiba ya 25,000. Asiye na kipato kabisa anahitaji 88,500. Kwa upande mwingine, mdhamini anayepokea baadhi ya posho za ulemavu au ya kumuuguza mtu hapimwi kwa kiwango hiki. Yeye huangaliwa tu kama ana cha kutosha kumtunza mwenzake. Wengi wanaostahili mlango huo hawajui kwamba upo.

Halafu zije slipu za mshahara. Mteja wangu mmoja, mzaliwa wa Tanga aliyekwisha kuchukua uraia wa Uingereza, alikuwa na mwajiri mmoja kwa miaka mitatu na mshahara wa pauni 2,450 kwa mwezi. Zidisha kwa 12, unapata 29,400. Akaja na slipu sita zimepangwa vizuri kwenye bahasha, taarifa za benki za miezi hiyohiyo, kila shilingi mahali pake. Nikazipitia moja moja. Ya nne ilisoma 2,310. Nikamuuliza kulikoni. Akanyamaza, kisha akasema: "Mwezi ule nilikwenda kumzika baba." Siku zilizozidi likizo zake hazikulipwa.

Kwa mwenye mshahara wa mwezi, ukitumia njia ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja, afisa huchukua mwezi ulio mdogo kuliko yote na kuuzidisha kwa 12. Pauni 2,310 mara 12 ni 27,720. Nikamwambia asipeleke. Angeweza kubishana na kueleza msiba, na pengine angepata afisa mwelewa, lakini mimi sijengi jalada juu ya huruma ya mtu nisiyemjua. Tukakubaliana ajihesabie upya slipu sita safi. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Kama kuna anayedhani mahakama hazijaulizwa kuhusu kiwango cha kipato, zimeulizwa. Tarehe 22 Februari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu katika kesi ya MM, iliyofunguliwa dhidi ya kiwango cha 18,600. Majaji walikiri kwamba kanuni hiyo inawaumiza maelfu ya wanandoa, lakini wakasema kuwa na kiwango cha kipato kwenyewe si kinyume cha sheria. Walichokosoa ni namna kanuni zilivyowasahau watoto, na namna zilivyokataa vyanzo vingine vya fedha hata vikiwa vya uhakika. Serikali ikarekebisha mwaka huohuo: pale ambapo kukataa kungeleta madhara makubwa mno, afisa sasa anaweza kutazama msaada wa ndugu au ajira iliyo mbele. Mlango huo ni mwembamba, na mimi huupita pale tu njia kuu imeziba.

Turudi kwenye ndoa. Cheti cha nikaha kilichoandikwa kwa mkono na shehe wa mtaa ni halali mbele ya Mungu na majirani, lakini usikitegemee peke yake. Kwa Tanzania Bara, kiandikishe RITA, wakala wa usajili, upate cheti cha serikali. Kenya nayo, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, inataka ndoa za Kiislamu na za kimila ziandikishwe. Kisha linganisha majina. Pasipoti inasema Fatma Saidi, cheti kinasema Fatuma Said Hamisi, kitambulisho kina jina la babu ambalo pasipoti haina. Nyumbani hatupotezi usingizi kwa herufi moja. Kwenye jalada, kila herufi ni swali, na swali lisilojibiwa hujibiwa na afisa mwenyewe. Sahihisha mapema, au apa kiapo mbele ya wakili.

Ndoa kwa wakala, mume akiwa kwenye simu, inaweza kukubaliwa ikiwa ni halali pale ilipofungwa. Lakini kanuni zinataka wawili hawa wawe wamewahi kuonana ana kwa ana. Na kwa mwenye wake wawili: sheria ya uhamiaji ya Uingereza ya 1988 haimfungulii mlango mke wa pili ikiwa mwenzake tayari aliingia kama mke wa bwana huyohuyo. Nimeshatukanwa kwa kusema hivyo.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko mfukoni mwenu. Meseji za M-Pesa za kila mwisho wa mwezi, kumbukumbu za simu za video, mihuri ya pasipoti, tiketi za ndege. Msilete kurasa mia tatu za "umekula?" na "nimekumiss". Chagueni chache kwa kila mwezi tangu mlipojuana, zenye tarehe zinazosomeka. Sihitaji kuona mliyoandikiana usiku wa manane, wala afisa hahitaji.

Mengine ni ya kawaida: kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa, ambacho cheti chake hudumu miezi 6, mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A1, na alama za vidole. Ada, kwa viwango vya Aprili 2025, ilikuwa pauni 1,938, na juu yake pauni 3,105 za huduma ya afya kwa viza ya miezi 33. Ukikataliwa, hizo za afya hurudishwa, ada hairudi. Wapo wanaotaka kukwepa gharama kwa kumleta mke na viza ya matembezi, wakidhani watabadilisha akishafika. Mgeni wa matembezi kwa kawaida haruhusiwi kubadilisha akiwa ndani ya nchi, na ombi lenyewe mara nyingi hukataliwa kwa sababu iliyo wazi: afisa haamini kwamba mke atamwacha mumewe na kurudi.

Barua ya kukataliwa ikija, isome sababu kabla hujalia. Kama ni slipu iliyokosekana, mimi hupendelea kuomba upya kuliko kusubiri rufaa kwa miezi mingi. Kama afisa hakuamini ndoa yenyewe, kata rufaa ndani ya siku 28, maana doa hilo litakufuata kwenye kila ombi litakalokuja.

Yule wa Tanga alipata slipu ya sita Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mkewe alikuwa amekwisha kujifungua mtoto wa kike. Kwa kuwa baba yake aliupata uraia kwa kuuomba, si kwa kuurithi, mtoto yule alizaliwa Tanga akiwa Mwingereza, bila slipu, bila mtihani, bila kipimo cha kifua. Tukajaza fomu ya mama. Kwenye sehemu ya watoto, mbele ya neno uraia, baba akaniomba aandike mwenyewe.