Kuanzishiwa Uchungu: Tembe, Puto au Dripu?

Tukitembea visiwani, akina mama hutuuliza: siku zimepita na uchungu hauji, dawa gani ni nzuri ya kuuanzisha?

Si kila kuchelewa ni ugonjwa, jamani. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mama aanzishiwe mimba ikitimiza wiki 41. Mwenye presha ya mimba huweza kuanzishiwa mapema, na pia ambaye chupa imepasuka na uchungu haujaja.

Hospitalini hutumia tembe za misoprostoli, au puto. Puto ni mpira ule ule wa mkojo: hupitishwa mlango wa kizazi, kisha hujazwa maji ili ufunguke polepole. Dripu ya oksitosini nayo hufaa zaidi mlango ukishalainika.

Huko Nagpur, India, zilijaribiwa tembe na puto kwa akina mama 602 wenye presha, na matokeo yakatolewa 2017. Wa tembe, 57 kwa kila 100 walijifungua kwa njia ya kawaida ndani ya saa 24. Wa puto, 47. Basi tembe ndiyo bora? Ngoja kidogo. Tembe ya kawaida ina maikrogramu 200, na kipimo cha kuanzishia ni 25 kila saa mbili, yaani sehemu moja ya nane, mkunga akiwa karibu. Ukimeza nzima nyumbani, uchungu waweza kuja mfululizo bila kupumzika, mtoto akakosa hewa, mji wa mimba ukapasuka. Mama aliyewahi kupasuliwa hapewi tembe hizi; daktari aweza kumfikiria kwa puto. Mambo yakienda vibaya puto hutolewa. Tembe ikishamezwa, haitoki.

Na vile anavyochemsha mama mkwe kwa nia njema? Mafuta ya mbarika huendesha na kutapisha. Dawa ya miti haina kipimo, hakuna ajuaye nguvu yake.

Kwetu sisi shida kubwa ni bahari. Uchungu ulioanzishwa Kiwayu wakati wa kusi ukiharibika, mama bado ana safari ya boti hadi hospitali apate kupasuliwa. Kwa hivyo akina baba, nauli iwekwe mapema, mama avuke kabla ya wiki 41, akae kwa jamaa mjini. Akifika hospitali aulize: nitatumiwa njia gani, na usiku nani atasikiliza moyo wa mtoto?