Wafalme wa Bara Hindi katika Michezo ya Kompyuta: Ni Kweli au Si Kweli?



Muhula uliopita, Mwalimu wetu wa Historia alikuwa akitufundisha biashara ya Bahari ya Hindi, akauliza, "Nani awezaye kunitajia ufalme mmoja wa Bara Hindi wa zamani zile za Kilwa?" Mimi nilinyosha mkono upesi kuliko wote. Nikasimama, nikajibu kwa sauti kubwa kwamba palikuwa na ufalme wa Wahindi, na kwamba nguvu yake ilikuwa askari wapanda ngamia. Mwalimu akaniuliza nimeyasoma hayo katika kitabu gani. Nikanyamaza, maana sikuyasoma kitabuni. Niliyaona wakati wa likizo katika mchezo wa kompyuta nyumbani kwa mjomba wangu. Darasa zima likacheka.

Mwalimu hakucheka. Aliniambia, "Na mtu wa Bara Hindi akisema kwamba zamani palikuwa na ufalme mmoja wa Waafrika, utamjibu nini?" Kisha akaniagiza niende maktaba nikatafute ukweli. Niliyoyapata ndiyo haya, nami nayaandika kwa kuwa najua si mimi peke yangu niliyejifunza historia kwa njia hiyo.

Kwanza yafaa nieleze mchezo wenyewe kwa ajili ya wazazi na walimu wasioujua. Jina lake ni Age of Empires II, nao ulitolewa mwaka 1999. Mchezaji hupewa watu wachache wa kukata kuni, kulima na kuchimba dhahabu. Kwa mali hiyo hujenga mji, huunda jeshi, kisha hupigana na jirani yake. Kila mchezaji huchagua taifa. Mwanzoni yalikuwapo mataifa 13, wala Bara Hindi halikuwamo. Mwaka 2013 likaongezwa taifa moja lililoitwa Wahindi tu, lenye wapanda ngamia hodari. Hilo ndilo nililolicheza mimi, maana kompyuta ya mjomba ni ya zamani. Mwaka 2022 watengenezaji walilivunja taifa hilo, wakaweka mahali pake manne: Wahindustani, Wagurjara, Wabengali na Wadravidia.

Je, walifanya vema? Hapana shaka walifanya vema. Bara Hindi la karne zile halikuwa nchi moja. Kusini ilikuwapo dola ya Wachola. Mfalme wake Rajaraja alijenga hekalu kubwa la mawe huko Thanjavur, likamalizika mwaka 1010, nalo lasimama hata leo. Kaskazini, tangu mwaka 1206 hadi 1526, walitawala masultani wa Delhi. Mwaka 1336 ikaanzishwa dola ya Vijayanagara huko kusini. Watu hawa walitofautiana kwa lugha, kwa dini na kwa namna ya kupigana. Ngamia walifaa katika nchi kavu za kaskazini-magharibi. Katika mashamba ya mpunga ya Wachola ngamia angefanya nini?

Lakini hata hayo mataifa manne yana kasoro. Chukua hao Wadravidia. Jina hilo ni la jamii ya lugha, kama tusemavyo Wabantu. Kitamil, Kikannada, Kitelugu na Kimalayalam ni lugha za jamii hiyo. Wajua wewe, msomaji, kwamba hapana mfalme aliyejiita Mfalme wa Wabantu. Vivyo hivyo, mwaka 1054 Wachola walipigana na Wachalukya huko Koppam, na mfalme wa Wachola, Rajadhiraja, akauawa vitani. Wachola walikuwa Watamil, na Wachalukya walitawala nchi ya Wakannada. Katika mchezo wote hao ni taifa moja, lakini huko Koppam waliuana.

Sasa nitasema yale ambayo mchezo umeyapata sawasawa. Wadravidia wa mchezo wana merikebu nzuri, na wapanda farasi wao ni dhaifu. Yote mawili yana msingi. Mwaka 1025 mfalme Rajendra, mwana wa Rajaraja, alipeleka merikebu zake ng'ambo ya bahari kuipiga dola ya Srivijaya, katika nchi ziitwazo leo Indonesia na Malaysia. Majina ya bandari alizozishambulia yamechongwa katika hekalu la Thanjavur. Na kuhusu farasi, nchi za kusini hazikuwafaa. Iliwapasa wafalme kuwanunua kutoka Uarabuni na Uajemi kwa njia ya bahari. Marco Polo, aliyepita huko mwishoni mwa karne ya 13, aliandika kwamba farasi wengi walikufa kwa kukosa matunzo mema, na kila mwaka wengine wakanunuliwa.

Tukija kwa tembo wa vita, hapo mchezo unatudanganya kidogo. Katika mchezo, ukiwa na chakula na dhahabu, tembo hutoka zizini kwa muda mfupi kuliko wa kuchota ndoo ya maji. Tembo wa kweli alikamatwa mwituni, akafugwa na kufundishwa kwa subira nyingi, naye hula kama kilo 150 kwa siku. Wala hakuleta ushindi kila mara. Mwaka 1526 huko Panipat, Sultani Ibrahim Lodi wa Delhi alikuwa na tembo wapatao 1,000, kama alivyoandika adui yake Babur. Babur alikuwa na jeshi dogo, lakini alikuwa na mizinga na bunduki. Ibrahim akashindwa, akafa papo hapo.

Ila kosa kubwa kuliko yote ni lile lisiloonekana. Katika mchezo, raia hukata kuni kimya mpaka afe, wala hana neno. Hebu sikiliza habari za kijiji cha Uttaramerur katika nchi ya Wachola. Yapata mwaka 920, sheria za baraza lao zilichongwa juu ya ukuta wa hekalu. Majina ya watu waliofaa yaliandikwa juu ya vipande vya majani ya mvumo, yakatiwa katika chungu, na mtoto mdogo akatoa moja moja. Aliyewahi kushika kazi ya baraza asitoe hesabu ya fedha, jina lake halikuandikwa tena. Jambo kama hilo halina upanga wala tembo, kwa hiyo mchezo haulitaji. Lakini mimi naona lilikuwa kubwa kuliko vita vingi.

Je, tuache kucheza? Sisemi hivyo. Kama nisingalicheza, nisingalinyosha mkono, wala nisingalikwenda maktaba. Mchezo ni mlango. Mtu asiyepita mlangoni haingii nyumbani, lakini akaaye mlangoni siku zote hajui kilichomo chumbani.

Nami sasa nina jibu la swali la Mwalimu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na miaka michache baadaye alikuwa kadhi huko Delhi. Mtu yule mmoja aliziona pande zote mbili za bahari, akaandika habari za kila mji na watu wake kwa majina yao. Anayetaka watu wasiwachanganye wazee wake katika kapu moja, na aanze yeye kwa kutowachanganya wazee wa wenziwe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne