Anayemtafuta ni Mama Yake

Binti wa mdogo wangu ana miaka 16 na anapenda filamu za taharuki. Akija kwangu Nyangoto, wilayani Tarime, kutoka Mwanza wakati wa likizo, vyombo vikishaoshwa anaegemeza simu kwenye ndoo ya unga, tunakaa kitandani wawili na kutazama watu wakikimbizana. Likizo iliyopita aliweka filamu moja ya ng'ambo. Msichana amemkataa mume aliyechaguliwa na wazee wake, na kaka zake wanamsaka mji mzima ili wasafishe jina la ukoo. Milango inabamizwa, muziki unadunda. Katikati akaniuliza, "Mama mkubwa, kwani kaka wa kweli anaweza kumfanyia hivyo dada yake?"

Nikamwambia asimamishe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na maswali nimeyazoea, lakini hilo nililikuta limeningoja miaka mingi. Nilimjibu kwamba anaweza, na si lazima awe na chuki. Nikamwahidi kuwa kesho yake tungetazama filamu nyingine, isiyo na mwigizaji hata mmoja, iliyopigwa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, si mbali na hapo tulipokaa.

Jina lake ni In the Name of Your Daughter, yaani "Kwa Jina la Binti Yako". Ilitoka mwaka 2018 na mwongozaji wake ni Giselle Portenier, mwandishi wa habari wa Kanada. Inafuata wasichana wa wilaya ya Serengeti wanaotoroka nyumbani msimu wa tohara, na nyumba salama ya Mugumu inayowapokea. Msimamizi wa nyumba hiyo wakati huo alikuwa Rhobi Samwelly, mama aliyekeketwa akiwa na miaka 13, akatokwa na damu hadi akazimia. Nyumba ilianzishwa mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Mara. Mwaka 2017 Rhobi alianzisha shirika lake, Hope for Girls and Women Tanzania, ambalo lina nyumba nyingine Kiabakari, wilaya ya Butiama.

Msomaji asiyetoka kwetu hana budi aelezwe huo msimu, maana bila hivyo atadhani tunazungumzia jambo linalofanywa gizani. Kwetu Wakurya linafanywa mchana kweupe, na kwa furaha. Wazee wa mila, ambao ni baraza la inchama, ndio wanaotangaza kwamba ukoo wetu mwaka huu utatahiri. Aghalabu huwa mwaka wa namba shufwa, kwa kuwa witiri huhesabiwa kuwa na nuksi. Shule zikifungwa tu Desemba, firimbi zinaanza. Wavulana wana siku yao na wasichana yao. Binti anatoka kwa ngariba amefunikwa kitenge, ameshikiliwa mwavuli, noti zimebanwa kifuani kwa pini, na nyuma yake kundi zima linaimba na kucheza mpaka nyumbani. Neno ukeketaji mimi nililisikia redioni nikiwa mtu mzima. Nyumbani tulisema kutahiriwa, neno lile lile la wavulana, au kwa Kikurya, saro. Kwa neno hilo moja, kitu kinachomkata msichana kinaingia kwenye heshima ile ile anayopewa mvulana, na mtu anayekikataa anaonekana amekataa kukua.

Mimi sikukimbia. Ilikuwa Desemba 1992, nina miaka 13. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa hapa kwetu ulikuwa bado haujaanza, usiku Nyangoto ilikuwa giza tupu, na hata kama ningetaka kukimbia, ningekwenda wapi? Usiku wa kuamkia siku ile mama alinipaka mafuta miguuni, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mchanga. Hakusema kitu. Shangazi ndiye aliyesema: nisilie, nisipepese jicho, kwani nikilia nitakuwa nimemvua nguo baba yangu mbele ya watu. Sikulia. Niliporudi chini ya ule mwavuli, wanawake wakipiga vigelegele, nilijivuna. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wanaokuja kutuhubiria hupenda kuliruka. Kiburi cha siku ile ndicho kilichonifunga mdomo kwa miaka zaidi ya ishirini, hata wakati wa kujifungua, niliposhonwa na kushonwa tena. Msichana niliyekaa naye dawati moja naye alijivuna. Januari tulirudi shuleni pamoja, na Pasaka ilipofika yeye alikuwa ameshaolewa.

Ndiyo maana filamu ya Portenier ilinishika mahali ambapo ile ya kaka na milango haikunifikia. Ina taharuki yake. Yupo askari polisi, Sijali Nyambuche, wa dawati la jinsia na watoto Mugumu, anayepanda gari usiku na wenzake kwenda kumtoa mtoto kabla hakujapambazuka. Simu imepigwa, jina la kijiji limetajwa, na nyumba haijulikani iko wapi. Upande ule vijiji vingi havikuwa vimechorwa kwenye ramani yoyote ya maana. Kuanzia mwaka 2015 watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, chini ya mradi wa Crowd2Map, wamekuwa wakikaa mbele ya kompyuta zao na kuchora njia na nyumba kutoka kwenye picha za setilaiti, ili gari kama lile lijue pa kukata kona. Kuna mtu amekaa London anachora kichochoro cha Serengeti ili mtoto asiyemjua afikiwe saa tisa usiku. Nilipomweleza binti yetu hilo, alinyamaza muda mrefu.

Lakini moyo wa filamu hauko kwenye gari. Uko pale msimu unapokwisha, wazazi wanapoitwa kukaa na binti zao waliotoroka. Wanaombwa waahidi mbele ya polisi kwamba mtoto akirudi hatakatwa. Wapo wanaoahidi. Wapo wanaokataa, na binti anabaki Mugumu, akitazama mgongo wa mzazi wake ukiondoka. Mmoja wa wasichana wanaofuatwa na filamu alikuwa na miaka 12 tu alipotoroka. Aliyetaka akatwe ni mama yake. Sitamtaja jina, ingawa filamu inamtaja, kwa kuwa amekua na maisha yake ni yake.

Siku hiyo tukitazama kwenye kompyuta ya kuazima, mama yangu mzazi aliingia. Ana miaka themanini na kitu. Alikaa mlangoni akamenya muhogo, nasi tukadhani hatazami. Lazima niseme kwamba kabla ya hapo alikuwa ameshaniuliza mara mbili kuhusu mjukuu wake huyu wa Mwanza: Desemba ataletwa nyumbani, au mdogo wako amekuwa Mzungu? Filamu ilipofika kwa yule mama anayetaka binti yake akatwe, mama aliweka kisu chini. Akasema, "Mnamwona mbaya. Majirani wakimsema, nyinyi mtakuwepo?"

Naona hapo mama alilieleza jambo lote. Heshima ya familia, kwetu, ina hesabu yake na inajulikana senti kwa senti. Msichana asiyetahiriwa anaitwa msagane, na neno hilo linamfuata kisimani, sokoni, hata akiwa na wajukuu. Kwenye sherehe zipo kazi hapewi. Mama yake anaambiwa ameshindwa kulea. Na ng'ombe wa mahari wanaotolewa kwa binti ndio wanaotumika kumwolea kaka yake. Akikosa mwoaji, au akiolewa kwa ng'ombe wachache, anayebaki bila mke ni kaka. Hilo ndilo jibu la swali la binti yetu. Kaka wa kweli anaweza kumfunga dada yake mlango kwa sababu nyuma ya mlango huo ameona mifugo yake, na mke wake, na wanawe ambao bado hawajazaliwa. Filamu inayomwonyesha kaka huyo kama jini mwenye kisu inamdanganya mtazamaji, kwani mtazamaji wa Nyangoto atasema, "Huyo siye mimi," akalale.

Sheria ipo. Tangu mwaka 1998, kupitia Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, mtu mwenye dhamana ya msichana wa chini ya miaka 18 akimkeketa au kusababisha akeketwe anastahili kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Someni tena hiyo faini. Mnadani haifikishi bei ya dume zuri la ng'ombe. Na aliyefikisha miaka 18, sheria hiyo inamwacha peke yake na shangazi zake. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wakurya wenzetu wa Kenya, sheria ya mwaka 2011 inamlinda mwanamke wa umri wowote, na imefanya jambo moja ambalo mimi naliheshimu kuliko yote: imelifanya tusi lenyewe kuwa kosa. Ukimdhihaki mwanamke kwa kuwa hakukeketwa, unaweza kufungwa si chini ya miezi sita. Aliyeandika kifungu hicho alijua kwamba kisu kinatanguliwa na neno.

Tumepiga hatua, nisije nikaonekana sioni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta wanawake 32 kati ya 100 wa mkoa wa Mara, wenye miaka 15 hadi 49, wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta 28. Pale Masanga, Tarime, tangu mwaka 2008 wapo watu wanaowapokea wasichana kila msimu, wanawafundisha mila njema na kuwapa sherehe yao bila kisu. Dawati langu darasani linaniambia vivyo hivyo: siku hizi Novemba inapokaribia mwisho, wapo wasichana wanaobaki nyuma wenzao wakitoka na kuniuliza, bila kunitazama, kama shule haiwezi kuchelewa kufungwa.

Binti yetu anataka kutengeneza filamu. Ndiyo ndoto yake, nami sitaki kuizima, ila nilimsimulia habari ya Ethiopia ili aingie akijua. Mwaka 1996 msichana wa miaka 14, Aberash Bekele, alitekwa na wanaume wenye farasi akitoka shule, ili aolewe kwa nguvu. Alichukua bunduki akampiga risasi mtekaji akafa. Wakili Meaza Ashenafi na wenzake walimtetea, na mahakama ikakubali kwamba alikuwa anajilinda. Meaza baadaye akawa rais wa Mahakama ya Juu ya Shirikisho ya nchi yake. Kisa hicho kikawa filamu nzuri sana, Difret, iliyopata tuzo ya watazamaji kule Sundance mwaka 2014. Lakini mwaka huo huo, usiku wa uzinduzi wake Addis Ababa, mahakama iliizuia isionyeshwe. Aberash mwenyewe alikuwa amelalamika kwamba kisa chake kimetumiwa bila ridhaa yake. Msichana aliyechukuliwa kwa nguvu njiani alijiona amechukuliwa mara ya pili, safari hii na watu waliomtakia mema. Nilimwambia binti yetu: kabla hujainua kamera, muulize mwenye uso kama anataka uonekane, kwa kuwa wewe utarudi Mwanza na yeye atarudi kisimani.

Natamani filamu kuhusu saro itengenezwe hapa, kwa Kiswahili chetu na Kikurya chetu. Kenya wametoa Nawi mwaka 2024, kuhusu msichana wa Turkana anayefaulu vizuri mtihani huku baba yake akitaka kumwoza kwa mifugo, na wengi wameiona. Ya kwetu ianze na mama anayempaka mtoto mafuta miguuni. Isiwe na muziki. Mtazamaji aone mikono ile inampenda, na ajue kesho alfajiri inampeleka wapi. Taharuki kubwa kuliko hiyo mimi siijui.

Mama yangu alimaliza kumenya muhogo akaondoka bila kuaga. Hajaniuliza tena kuhusu Desemba, wala hajasema kwamba amebadilika. Mdogo wangu ameamua binti hatakuja Nyangoto msimu wa saro, atakuja Juni. Nami nimekubaliana naye, ingawa inaniuma kwamba mtoto wetu hawezi kuja kwa bibi yake Krismasi.

Wewe mzazi au mwalimu unayesoma haya ukiwa Tarime, Serengeti, Butiama au Kuria ya Kenya, usingoje firimbi. Kwa aliye upande wa Tanzania, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haitozwi hata shilingi, na dawati la jinsia na watoto lipo polisi. Mpe binti namba hiyo aikariri kwa kichwa, kwa sababu siku atakayoihitaji simu itakayokuwa mkononi mwake haitakuwa yake. Mpe kabla shule hazijafungwa.