Kabla ya kununua MRI Guangzhou, uliza habari za baridi yake

Familia zetu za Muscat, Dubai na Doha zinaijua Guangzhou kwa vigae, taa, makochi na vitambaa. Siku hizi wapo vijana wanaokwenda na orodha nyengine kabisa: vitanda vya hospitali, mashine za maabara, na sasa hata MRI. Mpwa wangu ni mmoja wao. Yeye na wenzake watatu wamechanga fedha wafungue kliniki ya uchunguzi Unguja, na katika fedha hizo mna urithi wa mayatima wawili ambao yeye ndiye msimamizi wao. Akaniomba nifuatane naye kwenye Maonesho ya Canton. "Khalu, wewe umesomesha fizikia miaka yote ile, wewe hawatakuzungusha."

Maonesho hayo yapo tangu 1957, na hufanyika mara mbili kwa mwaka. Sasa yako Pazhou, kwenye majengo makubwa hata ukitoka huko miguu inaomba kukandwa. Lakini mashine iliyomtia tamaa mpwa wangu hatukuiona Pazhou. Tuliletewa habari zake Xiaobei, mtaa ambao Kiswahili unakisikia kila kona, na dalali aliyekuja na picha kwenye simu. MRI ya tesla 1.5, imetumika miaka kadhaa, bei yake nyepesi. Ati ukishaifikisha ni kuichomeka ukutani tu.

Hapo ndipo nilipotia mguu. MRI si friji, wala si ultrasaundi.

Ndani ya ile pete kubwa anamoingizwa mgonjwa mna maili kwa maili za waya wa niobiamu na titani. Waya huo ukipozwa sana ukinzani wake wa umeme unakufa kabisa. Unatia umeme mara moja, unafunga mzunguko, na umeme unaendelea kuzunguka miaka bila ya kuongezwa. Huko ndiko inakotoka sumaku yenye nguvu mara 30,000 hivi ya sumaku ya dunia. Lakini ili waya ukubali, lazima ukae kwenye heliamu ya majimaji, nyuzi 269 chini ya sifuri. Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes ndiye aliyeigeuza heliamu kuwa maji kwa mara ya kwanza, mjini Leiden mwaka 1908, na mwaka 1911 akagundua kwamba zebaki katika baridi hiyo inapoteza ukinzani wote. Father aliyetusomesha fizikia kwenye skuli ya misheni alikuwa akilisimulia jambo hili kama hadithi ya majini.

Mashine za kawaida zinabeba lita 1,500 hivi za heliamu. Chombo chake kimejengwa kwa hekima ile ile ya chupa ya chai tunayoweka barazani: kuta mbili, na baina yao hewa imenyonywa ili joto lisipite. James Dewar aliibuni chupa hiyo mwaka 1892 kwa ajili ya gesi zake za baridi, wala hakufikiria chai. Hata hivyo chupa ya chai nayo asubuhi huikuta chai imepoa, na sumaku ni vivyo hivyo kwa upande wa pili: joto kidogo linapenya na heliamu inachemka. Kwa hivyo wahandisi wakaweka juu yake kifaa kinachoitwa kichwa baridi, kinachosukumwa na kompresa, ambacho kinaurudisha mvuke kuwa maji. Ukiingia chumba cha MRI wakati hakuna mgonjwa unakisikia, kama ndege anayelia tiu-tiu-tiu. Ndege huyo halali. Anataka umeme saa 24, na kompresa yake inataka maji ya baridi saa 24, Ijumaa na Idi, ikiwa una wagonjwa au huna.

Sasa niambie, umeme ukikatika Unguja usiku kucha? Kichwa kinanyamaza, heliamu inaanza kuondoka. Saa chache si msiba. Siku baada ya siku ni hasara, na kiwango kikishuka mno waya unaweza kupata joto ghafla, ukinzani ukarudi, na heliamu yote ikachemka kwa dakika chache. Lita moja ya majimaji inakuwa gesi zaidi ya lita 700. Ndiyo maana lazima pawe na bomba nene la kuitoa nje ya jengo; ikijaa chumbani inaifukuza hewa tunayovuta, na mtu anakufa kimya kimya.

Mpwa wangu aliuliza tutaipata wapi heliamu ya kujazia. Suali zuri, na jibu lake liko karibu na milango yetu ya Ghuba kuliko tunavyodhani. Qatar ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa heliamu duniani. Inaitoa kwenye gesi asilia pale Ras Laffan, na China yenyewe ni mnunuzi wake mkubwa. Mwezi wa Juni 2017, majirani walipofunga mipaka na Qatar, viwanda vyake vya heliamu vilisimama kwa muda, na wenye MRI nchi za mbali wakaanza kuhesabu lita zao. Tanzania nayo ilitangaziwa mwaka 2016 kuwa na heliamu nyingi bonde la Rukwa, lakini gesi iliyo chini ya ardhi haijazi mashine ya mtu.

Uhandisi huu wa kupambana na joto una ndugu yake mwengine, nao pia unaonekana mkoa huu wa Guangdong. Qingyuan, kaskazini ya Guangzhou, tangu Machi 2023 inafanya kazi turbini ya gesi ya megawati 50 waliyoibuni Wachina wenyewe, wa kampuni ya Dongfang. Katika turbini kubwa gesi inayopiga mapanga inaweza kuwa na joto la kuliyeyusha panga lenyewe. Haliyeyuki kwa sababu ndani yake mna njia nyembamba za hewa, na hewa hiyo inatokea kwenye vitundu vidogo vidogo na kulifunika panga kama utandu. Sisi tunaowasha eisii tangu Aprili tunaishi kwa vitundu hivyo.

Na kampuni ya umeme ya China Southern Power Grid, yenye makao yake makuu Guangzhou, mwaka 2021 ilianza kutumia Shenzhen waya wa mita 400 usio na ukinzani. Waya huo ni wa aina nyengine, unaotosheka na naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni ni sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, haiagizwi Ras Laffan. Ungedhani MRI nazo zingehamia huko moja kwa moja, lakini waya wa namna hiyo bado ni ghali na mgumu kuusuka kuwa sumaku kubwa.

Kwa anayenunua leo, njia ninazoziona ni hizi. Ipo sumaku ya kudumu, ya tesla 0.3 hadi 0.5, ambayo haitaki heliamu hata tone. Ni nzito mno na picha zake hazina undani wa tesla 1.5, tena inataka chumba chenye joto lisilobadilika, lakini umeme ukikatika sumaku inabaki sumaku. Ipo pia mashine mpya ya heliamu kidogo: Philips mwaka 2018 walitoa ya tesla 1.5 yenye lita 7 tu, zimefungiwa humo humo, haina haja ya lile bomba nene. Bei yake inauma. Na ipo ya zamani ya dalali, ambayo meli na bandari peke yake vinaweza kula mwezi na zaidi huku kichwa baridi kimezimwa. Ikifika na joto, utanunua heliamu ya kuipoza na ya kuijaza, na utampandisha ndege fundi wa kuja kuiwasha.

Nilimwambia mpwa wangu aiweke kwenye hesabu jenereta mbili, mtambo wa kupozea maji na mkataba wa fundi, halafu ndipo ailinganishe bei nyepesi na bei inayouma. Alikaa na kalamu hoteli mpaka alfajiri. Akamwandikia dalali, anataka picha ya geji ya heliamu yenye tarehe, na rekodi ya kompresa ya miezi 12.

Picha imekuja, haina tarehe. Rekodi bado tunaisubiri, na fedha za mayatima ziko benki.